MZIO WA CHAKULA SI KUDEKA

Mzazi anapompeleka mtoto shuleni hakabidhi kichwa peke yake kikafundishwe kusoma na kuhesabu. Anakabidhi mtoto mzima, pamoja na tumbo lake na pumzi zake. Tangu kengele ya asubuhi mpaka ya jioni, shule ndiyo baba na ndiyo mama. Na kwa kuwa shule nyingi za nchi yetu siku hizi hupika uji au chakula cha mchana, liko swali ambalo hapana budi kuliuliza waziwazi: shule inayompa mtoto chakula, je, inajua ni chakula gani kinachoweza kumuua mtoto huyo?

Swali hili huwakera watu wa aina tatu. Wako wanaosema kwamba mzio wa chakula ni maradhi ya Wazungu na ya watoto wa matajiri waliolelewa kwa kudekezwa. Wako wanaokubali kwamba mzio upo, lakini wanasema ni jambo la mzazi na mtoto wake, lisiwasumbue walimu. Na wako wanaoyakubali yote hayo, kisha huinua mikono na kusema kwamba sisi ni maskini, mambo hayo hatuyawezi. Makala hii inakusudia kuwajibu wote, kila mmoja kwa zamu yake, kwa sababu makosa yao matatu huzaa tokeo moja: mtoto anaachwa peke yake na sahani yake.

Tuanze na wa kwanza. Neno lenyewe linamsuta. Mzio katika Kiswahili ni kile ambacho mtu hapaswi kukila kwa kuwa kitamdhuru. Mgeni aliyeandaliwa pweza au kamba akasema, "Huyu ni mzio wangu," hakuchekwa wala hakulazimishwa. Mwenyeji muungwana alimletea kitoweo kingine. Wazee wetu hawakulipata jambo hili katika vitabu vya udaktari vya Ulaya. Walilijua kwa kuona, na wakalipa jina, na wakaliwekea adabu yake mezani. Leo msomi anayesema kwamba mzio ni ugonjwa wa kuagiza kutoka ng'ambo anaikana lugha ya nyanya yake.

Elimu ya kisasa imeeleza tu kile ambacho wazee walikiona. Mwaka 1902 wataalamu wawili wa Ufaransa, Charles Richet na Paul Portier, walieleza jinsi mwili uliokwisha kukutana na kitu fulani unavyoweza kugeuka na kujidhuru vibaya unapokutana nacho tena, hata kwa kiasi kidogo. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo. Kinga ya mwili, ambayo wajibu wake ni kupigana na vijidudu, huikosea protini ya karanga, ya maziwa, ya yai, ya samaki, ya kamba, ya korosho, ya ngano, ya soya au ya ufuta, ikaidhania kuwa adui. Hapo huanza mwasho na mabaka ya ngozi. Midomo na macho huvimba. Mtoto hutapika, hukohoa, sauti hukwaruza, pumzi hukoroma. Hali ikizidi, shinikizo la damu huanguka naye huzimia. Yote hayo yaweza kutokea katika muda wa dakika chache tu baada ya kumeza.

Wala tusichanganye mambo. Mtu ambaye tumbo lake haliwezi kuyeyusha sukari ya maziwa hupata gesi na kuharisha. Hayo ni maudhi, lakini hayamfungi koo. Mwenye mzio wa maziwa ni mwingine kabisa, na kijiko kimoja chaweza kumpeleka kaburini. Mtoto anayedeka hukataa chakula asichokipenda. Mwenye mzio aghalabu hukitamani chakula hicho, kama wenzake wanavyokitamani, lakini hakiwezi. Kudeka hakuzibi koo.

Dawa ya kwanza ya hali hiyo ya hatari ni adrenalini, ichomwe katika msuli wa paja, upande wa nje, mapema iwezekanavyo. Kidonge cha Piriton hutuliza mwasho. Hakifungui koo lililoziba wala hakiinui shinikizo la damu lililoanguka. Mgonjwa hulazwa miguu ikiinuliwa, au huachwa akae iwapo anapumua kwa taabu, lakini hasimamishwi wala hatembezwi. Kisha hukimbizwa hospitali hata akionekana amepata nafuu, kwa kuwa hali yaweza kumrudia. Hayo si mambo ya siri ya madaktari bingwa. Mwalimu yeyote mwenye akili timamu anaweza kuyajifunza kwa siku moja.

Tuje sasa kwa mtu wa pili, yule asemaye kwamba kazi hii ni ya mzazi. Tumwonyeshe mambo yaliyotokea katika nchi zilizotutangulia kwa mali na kwa hospitali, maana mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Mwaka 2003, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, msichana wa miaka 13 aliyeitwa Sabrina alikula chipsi katika mkahawa wa shule yake. Alikuwa na mzio wa maziwa, naye alijua, na wazazi wake walijua. Chipsi hazina maziwa. Lakini inaaminika kwamba koleo lililozipakua ndilo lililokuwa limeshika viazi vyenye jibini. Alipoanza kukosa pumzi alidhani ni pumu yake. Sindano yake ya adrenalini ilikuwa imefungiwa ndani ya kabati lake la vitabu. Watu walikimbia kuifuata, na muda ukakimbia pamoja nao.

Mwezi Desemba 2012, katika mji wa Chofu karibu na Tokyo, msichana wa darasa la tano mwenye mzio wa maziwa alipewa chakula cha shule kilichotayarishwa kwa ajili yake bila jibini. Mpaka hapo kila mtu alikuwa ametimiza wajibu wake. Kisha akaomba kuongezewa, na mwalimu akampa kile cha wenzake bila kuhakikisha kwenye orodha aliyokuwa nayo. Alipozidiwa, naye pia alidhani ni pumu. Mwalimu aliitoa sindano katika mkoba wake akamwuliza kama amchome, mtoto akakataa. Mkuu wa shule alipofika akamchoma, wakati ulikuwa umekwisha kupita. Msichana huyo alifariki siku hiyo hiyo.

Na mwaka 2017, huko London, mvulana wa miaka 13 alifariki baada ya mwanafunzi mwenzake kumrushia kipande cha jibini shingoni. Ulikuwa mzaha wa kitoto. Uchunguzi wa kifo chake ulionyesha kwamba sindano aliyochomwa shuleni ilikuwa imekwisha kupitwa na muda wake wa kutumika.

Ewe unayesema kwamba hii ni kazi ya mzazi, tuambie: katika visa hivi vitatu mzazi alikosea wapi? Mzazi alikuwa ametoa taarifa. Mzazi alikuwa ametafuta dawa. Kilichokosekana kilikuwa ndani ya uzio wa shule, mahali ambapo mzazi haingii. Koleo lilikosa utaratibu. Orodha ilikosa mtu wa kuitazama. Uamuzi wa kuchoma sindano aliachiwa mtoto mgonjwa, ambaye pumzi zilikuwa zinamwishia. Dawa ilikosa mtu wa kuikagua tarehe. Hakuna mama awezaye kuyasimamia hayo akiwa shambani, sokoni au kiwandani.

Watu wa Ontario walilielewa jambo hili. Mwaka 2005 Bunge lao lilipitisha Sheria ya Sabrina, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2006. Sheria hiyo iliitaka kila mamlaka ya shule iwe na utaratibu wa kuwakinga watoto wenye mzio, iliwataka wakuu wa shule watengeneze mpango wa kila mtoto mwenye hatari hiyo, na iliagiza watumishi wapewe mafunzo mara kwa mara. Tena ilimruhusu mtumishi wa shule kumchoma mtoto adrenalini wakati wa dharura hata kama hapakuwa na idhini iliyotangulia, na ikamkinga asishtakiwe kwa kosa alilolitenda kwa nia njema. Hapo ndipo penye kiini cha sheria nzima. Mwalimu anayeogopa kushtakiwa husitasita, na katika jambo hili kusitasita ndiko kunakoua. Japani nayo mwaka 2015 ilitoa mwongozo wa taifa juu ya mzio katika chakula cha shule. Uingereza ilianza kuziruhusu shule kununua sindano za akiba tarehe 1 Oktoba 2017; lakini kanuni hizo za 2017 ziliruhusu tu, hazikulazimisha. Kuruhusu ni jambo jema, ila uhai wa mtoto hauwezi kutegemea kama mkuu wa shule fulani amependa au hakupenda.

Sasa tumgeukie mtu wa tatu, anayelia umaskini. Huyu ana hoja, na hoja yake inastahili kujibiwa kwa hesabu. Anaposikia habari za adrenalini huiona ile sindano yenye umbo la kalamu, iliyokwisha kujazwa dozi moja, ambayo mtu huibana pajani na dawa ikaingia yenyewe. Anasikia bei yake anatetemeka. Lakini inafaa ajue bei hiyo imetoka wapi.

Adrenalini yenyewe ni dawa ya zamani. Mtaalamu wa Kijapani Jokichi Takamine aliitenga mwanzoni mwa karne ya 20. Kalamu nayo ilitokana na kifaa kilichobuniwa miaka ya 1970 kwa mahitaji ya jeshi la Marekani, ili askari aweze kujichoma dawa haraka akishambuliwa kwa gesi ya sumu. Ile ya adrenalini, iitwayo EpiPen, iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1987. Mwaka 2007 ikawa mali ya kampuni ya Mylan. Wakati huo jozi ya kalamu iliuzwa kwa takriban dola 100. Kufika mwaka 2016 bei ya jozi ilikuwa imepita dola 600. Je, dawa ilikuwa imebadilika? Haikubadilika. Koo la mtoto lilikuwa limebadilika? Halikubadilika. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2013, Marekani ilipitisha sheria ya kuyahimiza majimbo yazitake shule ziweke adrenalini ya akiba. Nia ya sheria ilikuwa njema. Lakini bei haikuguswa, na hitaji la watoto likawa soko la mwuzaji.

Wazazi wa Marekani walipiga kelele. Mwezi Septemba 2016 mkuu wa kampuni hiyo aliitwa mbele ya Bunge ajieleze. Mwaka uliofuata kampuni ilikubali kulipa dola milioni 465 ili kumaliza madai ya Serikali kwamba ilikuwa ikitoa punguzo dogo kuliko lililostahili kwa mpango wa Medicaid, ambao hugharimia matibabu ya watu wa kipato cha chini. Basi ndivyo mambo yanavyokuwa pale uhai wa mtoto unapoachwa mikononi mwa anayetafuta faida peke yake: mwenye fedha hununua kalamu mbili, moja ya nyumbani na moja ya shule, asiye nazo humwomba Mungu.

Lakini bei ya kalamu si bei ya dawa. Adrenalini ya kawaida, ya kichupa cha miligramu 1, ni dawa ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Mtoto wa kilo 20 huhitaji miligramu 0.2, yaani sehemu moja ya tano ya kichupa hicho. Kwa hiyo tusikubali kutishwa na lebo ya dukani New York. Hata kama hatuwezi leo kumpa kila mwanafunzi kalamu, tunaweza kuhakikisha kwamba hakuna zahanati inayokaa bila kichupa, bomba la sindano, na mtu ajuaye kukitumia. Na sehemu kubwa ya kinga haihitaji hata kichupa. Kuosha upawa hakuhitaji fedha za kigeni.

Kabla ya kutaja yatupasayo kufanya, liko kosa la upande wa pili ambalo nalo lafaa kukemewa. Wako watu ambao wakisikia mtoto mmoja ana mzio wa karanga, watataka karanga zipigwe marufuku shule nzima na ziondolewe kwenye uji wa lishe. Hilo ni kosa. Karanga ni protini ya mnyonge, na uji wenye karanga umewainua watoto wengi dhaifu. Tena elimu imeonyesha kwamba kuzificha karanga si kinga. Utafiti uliofanywa London kwa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kupata mzio, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba waliolishwa vyakula vya karanga mapema walipungukiwa na mzio wa karanga kwa asilimia 81 walipofikia miaka mitano, wakilinganishwa na walioepushwa. Utafiti huo ulihusu kuzuia mzio usianze. Haumruhusu mtu kumlisha karanga mtoto ambaye tayari zinamdhuru. Lakini unatufundisha kwamba kazi ya shule ni kumkinga mtoto mmoja bila kuwanyima mia wengine. Hilo linawezekana kwa utaratibu.

Utaratibu huo ni upi? Kwanza, siku ya kuandikisha mtoto, mzazi aulizwe kwa maandishi kama kipo chakula kinachomdhuru mwanawe, na jibu lithibitishwe na mganga wa zahanati au daktari. Uthibitisho huo utawanyamazisha wanaodhani kila mzazi anadanganya, na utawasaidia pia watoto walionyimwa chakula chema kwa hofu isiyo na msingi.

Pili, kila mtoto mwenye mzio awe na karatasi yake moja yenye picha, chakula asichotakiwa kula, dalili zake, hatua za kuchukua, na namba ya simu ya mzazi. Nakala moja ikae ofisini, ya pili darasani, ya tatu jikoni. Mwalimu wa zamu aijue kama anavyoijua ratiba ya vipindi.

Tatu, jikoni. Mtoto huyo apakuliwe kwanza, kwa upawa safi, katika sahani yake, na asiongezewe chakula bila orodha kutazamwa. Mafuta yaliyokaanga samaki yasikaange mihogo yake. Unga wa lishe usibadilishwe kutoka wa mahindi matupu kwenda wenye soya na karanga bila mpishi kuambiwa na mzazi kuarifiwa. Na akina mama wanaouza maandazi na kashata langoni waelezwe, kwa heshima, nani asiuziwe nini. Wao ni wazazi, wataelewa.

Nne, mafunzo. Walimu, wapishi na walezi wa mabweni wafundishwe dalili, na wajue kwamba pumu ya ghafla baada ya kula ihesabiwe kuwa mzio mpaka ithibitike vinginevyo. Uamuzi uwe wa mtu mzima. Mtoto asiulizwe kama anataka sindano. Wanafunzi nao wafundishwe kwamba kumlazimisha mwenzao chakula, au kumpaka kwa mzaha, ni kumchezea roho.

Tano, dawa na njia ya kuifikia. Kila shule inayopika ijue zahanati yake ni ipi, iko umbali gani, na nani atatoa chombo cha kumkimbiza mtoto, iwe gari au pikipiki. Zahanati ilipo mbali, Wizara ya Afya na ya Elimu zikae pamoja ziweke kanuni ya dawa ya akiba shuleni, mtu aliyefunzwa kuitumia, na kinga ya kisheria kwa mtu huyo. Kamati ya shule ikague tarehe ya dawa kila muhula kama inavyokagua magunia ya mahindi.

Katika haya matano, manne hayahitaji hata senti moja ya mkopo. Yanahitaji daftari, sabuni, na viongozi wanaoona aibu mtoto anapofia mikononi mwao. Maafisa elimu wa kata wanaweza kuyaanza muhula ujao bila kungoja semina. Wazazi katika mikutano ya shule wanaweza kuyauliza wiki ijayo, na wasikubali kujibiwa kwamba hapa kwetu mambo hayo hayapo. Mtoto aliyeanguka baada ya kula akasemwa ana pumu, au ana kifafa, au amerogwa, pengine alikuwa na jambo ambalo lugha yetu imelijua siku zote.

Tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia, kwamba mtoto wa mkulima na mtoto wa mkurugenzi wanaweza kukaa dawati moja na kula kutoka sufuria moja. Usawa huo hautimii kwa kuwapakulia wote upawa uleule. Unatimia pale ambapo wote wawili wanainuka mezani wakiwa hai. Shule iliyojitwika kumlisha mtoto imekwisha kujitwika pumzi zake, na mzigo huo hautuliwi langoni mwa mzazi.